Afya Nyumbani: Mafuta Yanayotuliza Mishipa ya Damu



Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniletea chupa ndogo ya vidonge vya mafuta ya samaki. Baba yake alikuwa ameinunua sokoni kwa fedha ya mboga ya siku nyingi, kwa sababu mwuzaji alimhakikishia kwamba vidonge hivyo vyasafisha mishipa, na kwamba sasa aweza kuziacha dawa za shinikizo la damu alizopewa na mganga. «Mwalimu, ni kweli?» Swali hili lastahili jibu kamili, nalo ni refu kidogo.

Mshipa wa damu si bomba tu kama la maji. Ndani yake umetandikwa utando mwembamba mno, wenye unene wa chembe moja, nao ni utando hai: huutanua mshipa, huubana, na huzuia damu isigande ovyo. Mafuta ya damu yakizidi na kujipenyeza chini yake, utando hushtuka na kutoa vishikizo vidogo, mfano wa ndoana. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hunaswa humo, hupenya ukutani, na kumeza mafuta hata zikajaa povu. Hali hiyo waganga huiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kuwasha moto. Nasi tuiite mwako. Celsus, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, alizitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Lakini mwako wa mshipa hauonyeshi hata moja kati ya hizo. Mtu hulima, hula, hulala, asijue lolote, mpaka siku ile ukuta unapopasuka, damu ikaganda juu ya ufa, na moyo au ubongo ukakosa damu.

Basi, ni nani auzimaye moto huo? Zamani ilidhaniwa kwamba huzimika wenyewe, kama kuni zinapokwisha. Leo twajua kwamba mwili una wazimaji wake, nao wametengenezwa kwa mafuta. Katika samaki mna asidi mbili za mafuta ziitwazo EPA na DHA. Mwili huzichukua, hutia oksijeni mahali maalum, na asidi iliyogeuzwa hivyo huwa amri: huziambia chembe nyeupe zisiongezeke, tena ziondoe takataka. Mwaka 2002 Charles Serhan na wenzake, huko Boston, walizipa jina la resolvini. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini hutenda kazi.

Kuna namna ya pili, ambayo mimi naiona ya ajabu zaidi. Bruce Freeman na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, wamechunguza asidi za mafuta zilizoshikamana na naitrojeni na oksijeni. Hizo huzaliwa palepale penye mwako, kana kwamba moto wenyewe hujitengenezea maji. Ndani ya chembe hushika protini ile iamshayo mwako, nazo ndoana za utando hupungua. Aidha huzaliwa tumboni, mafuta ya chakula yanapokutana na chumvi za naitrojeni zitokazo katika mboga za majani. Mwaka 2014 wachunguzi wa King's College, London, waliwalisha panya mafuta ya zeituni pamoja na chumvi za namna hiyo, na shinikizo la damu yao likashuka. Mama zetu wapikao lengalenga kwa mawese watafurahi kusikia, maana mawese yana asidi ileile kuu ya zeituni, kadiri ya sehemu mbili kwa tano. Lakini nasema polepole: panya si mtu, na mawese yana pia mafuta mazito ambayo zeituni haina kwa wingi huo.

Na kwa watu je? Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 8,179. Nusu yao walimeza kila siku gramu 4 za EPA iliyogeuzwa kiwandani. Katika muda wa miaka mitano hivi, walioipata dawa waliopatwa na maradhi makubwa ya moyo na mishipa walikuwa 172 katika kila 1,000, wasioipata, 220. Hiyo si tofauti ndogo. Lakini mwaka 2020 jaribio lingine, la watu 13,078, waliopewa EPA na DHA pamoja au mafuta ya mahindi, lilisimamishwa kwa kuwa halikuonyesha faida. Wengine husema kwamba katika jaribio la kwanza wale wasioipata dawa walipewa mafuta ya madini, ambayo huenda yaliwadhuru kidogo. Ubishi haujaisha. Tena katika majaribio yote mawili, mapigo ya moyo yasiyo na mpango yalizidi kwa walioimeza dawa.

Jambo moja mwuzaji wa sokoni hakulisema. Watu wale 8,179 walikuwa wakimeza dawa zao za kupunguza mafuta ya damu, na hawakuziacha. EPA iliongezwa juu yake, haikuchukua mahali pake. Nilimwambia kijana ampeleke baba yake kwa mganga kesho yake asubuhi, naye amekwisha kuzirudia dawa zake. Kuhusu samaki, nilimwambia kwamba ndakala wa Tanganyika na sambaza wa Kivu wana EPA na DHA pia, na mama yake ajua kuwapika.

Chupa ilibaki mezani pangu. Nilisoma karatasi iliyobandikwa: kila kidonge kina miligramu 180 za EPA. Ili kufikia kipimo cha jaribio lile, mzee angepaswa kumeza vidonge zaidi ya 20 kila siku. Chupa nzima ina 30.