Wanafunzi wa tarakilishi wafunzwe kugawana kazi, si kunakili

MJADALA kuhusu somo la tarakilishi katika shule zetu umeelekezwa mno kwenye idadi ya mashine. Tunauliza ni shule ngapi zilizo na maabara, ngapi zina umeme, na ni wanafunzi wangapi wanaotumia mashine moja. Maswali hayo ni ya haki. Lakini lipo jambo jingine lisilohitaji fedha nyingi ambalo tumelipuuza, nalo ni namna tunavyowafunza wanafunzi kuhifadhi na kugawana kazi waliyokwisha kuifanya.

Chukua mfano wa shule ya upili yenye chama cha tarakilishi. Muhula huu kundi moja linaandika programu ya kusimamia vitabu vya maktaba. Muhula ujao kundi la pili linaandika ya karo, na la tatu ya alama za mitihani. Programu hizo zote zinahitaji kupokea jina la mwanafunzi, kukagua nambari ya simu ya mzazi na kupanga tarehe. Katika kazi za wanafunzi ambazo nimezipitia, aghalabu hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama kila kundi huanza upya, ama huchukua maagizo ya wenzao na kuyanakili yalivyo katika programu yake. Njia ya kwanza hupoteza wakati. Ya pili huonekana kuwa ya werevu, lakini ndiyo yenye madhara zaidi.

Kwa miaka mingi, nambari za simu za mkononi nchini zilianza kwa 07. Mwaka wa 2019 nambari zinazoanza kwa 01 nazo zikaanza kutolewa. Programu iliyoandikwa kukubali 07 pekee ikawa inawakataa wazazi wenye nambari mpya. Ikiwa maagizo hayo yamenakiliwa katika programu tano, sharti yasahihishwe mara tano, na ile itakayosahauliwa itaendelea kukosea kimyakimya huku mzazi akingoja ujumbe usiomfikia. Lakini kama shule ina moduli moja, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja tu na ambacho programu zote tano hukitumia, marekebisho hufanywa mahali pamoja.

Wazo hili si geni. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, tarakilishi iliyoitwa EDSAC ilianza kufanya kazi mwaka wa 1949. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill waliianzishia maktaba ya vipande vya programu vilivyohifadhiwa katika tepe za karatasi zenye matundu. Aliyehitaji kutafuta kipeuo cha pili hakuanza mwanzo, alikwenda maktabani. Mwaka wa 1951 watatu hao walichapisha kitabu kuhusu utaratibu huo. Ikiwa waanzilishi wa taaluma hii waliona haja ya maktaba wakiwa na mashine moja tu, sisi tuna udhuru gani?

Hata hivyo, kutumia kazi ya zamani bila kuikagua ni hatari. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika angani sekunde zipatazo 40 tu baada ya kuruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake ilitolewa katika roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vyema. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo tofauti, na tarakimu moja ikazidi nafasi iliyotengewa. Funzo ni kwamba kila moduli lazima iandikiwe mipaka yake, na kila mradi mpya uijaribu upya.

Wako walimu wanaohofu kwamba utaratibu huu utawafanya wanafunzi kuwa wavivu au wadanganyifu. Hofu hiyo naielewa. Kazi ya mtihani wa kitaifa ina kanuni zake, na ni lazima zifuatwe. Lakini mwanafunzi anayetumia moduli ya mwenzake, akaandika wazi ilikotoka na akaweza kueleza inavyofanya kazi, hajaiba chochote. Mwizi ni yule anayenakili gizani, na huyo ndiye tunayemlea tunapokosa kuweka njia halali ya kugawana.

Napendekeza tuanze kidogo. Kitu kisifanywe moduli mpaka kihitajike katika programu ya pili au ya tatu, kwa maana moduli inayotungwa kwa kubahatisha mahitaji ya kesho huwa mzigo. Kila moduli ifanye kazi moja na ipewe jina linaloeleweka. Iambatanishwe na ukurasa mmoja unaoeleza inapokea nini, inarudisha nini na inakataa nini, pamoja na majaribio machache ya kuthibitisha hayo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Aidha, kila toleo lipewe nambari, ili programu ya karo isivurugike katikati ya muhula kwa sababu chama cha maktaba kimebadilisha jambo. Programu ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, huhifadhi historia ya mabadiliko hayo. Haiuzwi, na hufanya kazi katika mashine moja hata pasipo intaneti. Tena pawe na mwalimu na mwanafunzi watakaokabidhiwa hifadhi hiyo kwa zamu. Walimu huhamishwa na wanafunzi humaliza shule. Kazi isiyo na mrithi huondoka nao.

Mwaka wa 2022 nchi yetu iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Lakini kumfunza mtoto kuandika maagizo kisha tukamwacha ayatupe kila mwisho wa muhula ni kumfunza nusu ya ufundi. Walimu wasingoje waraka kutoka Nairobi. Muhula ujao, waviulize vyama vyao swali moja kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa: je, waliotutangulia walituachia nini, na sisi tutawaachia nini wanaokuja?