ASKARI WAHESABIWE KWA ARDHI, SI KWA VICHWA TU



Kila lori linaposhambuliwa au mifugo inapoibwa katika Kaunti ya Isiolo, jibu ni lile lile: askari ni wachache. Kisha twaambiwa kwamba kipimo kizuri ni askari 1 kwa watu 450. Sisi twasema kipimo hicho peke yake hakitufai.

Tufanye hesabu. Katika sensa ya 2019 Isiolo ilikuwa na watu 268,002. Wagawe kwa 450, utapata askari 596 hivi. Lakini nchi yenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Basi kila askari atalinda zaidi ya kilomita za mraba 40. Tena askari ni mtu, naye hulala. Wakigawanywa zamu tatu, kila aliye kazini atalinda zaidi ya 120. Nairobi, kwa kipimo kile kile, ingepata askari 14 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kipimo ni kimoja, ulinzi si mmoja.

Anayelipa tofauti hiyo ni mfanyakazi: dereva na taniboi katika njia ya Garba Tulla na Modogashe, mwalimu na muuguzi waliopelekwa Merti au Oldonyiro, na mchungaji wa kuajiriwa alalaye na ng'ombe wa tajiri. Barabara ya lami ya Moyale imesaidia, kwa maana gari hufika upesi. Lakini wezi wa mifugo hawapiti lami.

Wako wasemao kwamba Isiolo ina shule ya jeshi, basi ulinzi upo. Kazi ya shule ni kufundisha, si kufuata nyayo za ng'ombe usiku.

Wingi wa askari nao hautoshi. Novemba 2012, huko Baragoi katika kaunti jirani ya Samburu, askari zaidi ya 40 waliuawa walipofuata mifugo iliyoibwa. Doria yataka gari, mafuta, simu ya upepo, na watu waijuao nchi.

Watu hao ni askari wa akiba. Kwa miaka mingi walibeba bunduki ya Serikali bila mshahara. Mwaka 2019 Serikali ilizichukua bunduki hizo katika kaunti kadhaa za kaskazini, ikisema baadhi yao walizitumia vibaya. Sisi hatutetei uovu. Lakini twauliza: ni kazi gani nyingine ya hatari ambayo mtu hufanywa aifanye bure, kisha watu wakashangaa ikiharibika?

Askari polisi mwenyewe hawezi kuuliza hayo, kwa kuwa sheria ya 2011 yamkataza kuingia chama cha wafanyakazi. Yeye hana chama, sisi tunacho. Basi twasema kwa ajili yake na kwa ajili yetu:

1. Askari wagawiwe kwa kuhesabu watu, ardhi na njia pamoja.
2. Vituo vilivyo mbali na lami vipewe gari na mafuta kwanza, si mwisho.
3. Askari wa akiba waandikwe, wafunzwe, walipwe, na wakiumia wapate fidia.

Kila tawi lizungumze mambo haya katika mkutano wake, kisha limpelekee mbunge wake kwa maandishi. Maneno ya barazani husahauliwa. Barua yenye sahihi za watu mia hujibiwa.