Feza ya Nyumba: Mukwe hakukula kitu



Mama mumoja wa Likasi ametuandikia barua ndefu, akaomba tusitaje jina lake. Mutoto wake wa kwanza anafanya kazi ku Nairobi, inchi ya Kenya. Huyu kijana aliweka feza yake mu aksio za Safaricom, ile sosiete ya telefone. Akaandikia wazazi: "Niko na aksio 40,000. Dividandi yenye itatoka, itakuwa ya kusaidia baba na mama."

Mwezi wa nane 2024 feza ikafika, karibu dola 190. Furaha ikawa kubwa mu nyumba. Mwezi wa kenda wakangojea. Hakuna. Mwezi wa kumi, hakuna. Ku Noeli, hakuna. Baba wa watoto akaanza kusema: "Huyu muke wa mutoto njo anakula feza yetu." Mama anaandika: "Mukwe wangu akipiga telefone, bwana wangu anakataa kumusemesha. Mwezi wa tatu feza ikafika tena, lakini sasa ilikuwa karibu dola 160. Bwana wangu akasema: 'Unaona? Wamekata ingine.' Sasa mimi niko katikati. Munisaidie."

Mama, nimekaa na kalamu, nimehesabu. Mukwe wako hakukula kitu. Hata franga moja. Na ninaweza kuonyesha, kwa sababu dividandi ya sosiete kama ile haiko siri: inatangazwa mbele ya watu wote, kila mutu anaweza kuisoma.

Tuanze na neno lenyewe. Aksio (ku Kenya wanasema hisa) ni kipande cha sosiete. Mwenye aksio ni mumoja wa wenye sosiete, hata kama sehemu yake ni ndogo sawa punje moja ya mahindi mu mufuko. Sosiete ikipata faida, wakubwa wake wanaweza kutosha fungu la ile faida na kuligawanya kwa wenye aksio. Fungu lile njo dividandi. Watu wengi wanafikiri ni sawa mushahara, na pale njo matata yanaanza. Mushahara unahesabiwa kwa mwezi. Dividandi inahesabiwa kwa mwaka wa kazi wa sosiete, na inatoka siku yenye sosiete yenyewe imepanga.

Mwaka wa kazi wa Safaricom hauishi mwezi wa kumi na mbili. Unaisha tarehe 31 ya mwezi wa tatu. Mwezi wa tano wanatangaza hesabu. Mwezi wa saba wenye aksio wanakutana na kukubali dividandi ya mwisho, na feza inalipwa karibu na mwisho wa mwezi wa nane. Tangu 2021 wameongeza dividandi ya katikati, ile inalipwa karibu na mwisho wa mwezi wa tatu. Basi ni mara mbili. Hakuna ya mwezi wa kenda, hakuna ya Noeli.

Sasa hesabu. Mwezi wa nane 2024 walilipa senti 65 za Kenya kwa kila aksio. Mara 40,000, ni shilingi 26,000. Serikali ya Kenya inakata 5 kwa 100 kwa mutu anayekaa kule: inabaki 24,700. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 129, basi ni dola 191. Mwezi wa tatu 2025 walilipa senti 55. Mara 40,000 ni 22,000, ukitosha 5 kwa 100 inabaki 20,900, yaani dola 162. Mama, angalia ile yenye ilikufikia. Kama kulipungua dola moja ao mbili, ni feza ya kutuma. Na mwezi wa nane 2025 wakarudi tena ku senti 65.

Kumbe mutoto alituma yote. Kosa lake ni moja tu, na ninamusemea bila kumuficha: aliwaambia feza itakuja, hakuwaambia itakuja lini. Nyumba nyingi zimegombana kwa kosa kama lile.

Lakini hapa barua yako inafunua neno lingine, kubwa kupita lile la mukwe. Hesabu miezi. Kutoka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa nane ni miezi mitano. Kutoka mwisho wa mwezi wa nane mpaka mwisho wa mwezi wa tatu ni miezi saba. Na hii saba ni ipi? Mwezi wa kenda ni masomo: ya msingi mu shule za serikali ni bure tangu 2019, lakini segondere bado inalipwa, na kaye na viatu havitolewi na serikali. Kisha Noeli na mwaka mupya. Kisha mwezi wa kwanza na wa pili, mvua iko, mahindi ya shamba bado mabichi, bei ya bunga inapanda, na malaria inatembea mu kila nyumba. Ni kusema, miezi yenye kukula feza mingi njo miezi yenye dividandi haifike. Kule ku Nairobi hakuna mutu alipanga kuwatesa. Kalenda ya sosiete na kalenda ya nyumba yako hazijuane, ni vile tu.

Ukigawanya zile dola 191 kwa miezi saba, unapata dola 27 kwa mwezi. Ukigawanya dola 162 kwa miezi mitano, unapata 32. Unaona ile maajabu? Fungu kubwa njo linatoa mwezi mudogo, kwa sababu linatembea njia ndefu. Ninyi mulifanya namna gani? Barua inasema: mwezi wa nane mulinunua viti, mwezi wa kenda mulilipa shule, na mwezi wa kumi mulikuwa na deni ku duka. Sicheki. Nani kati yetu hakufanya vile.

Ningekuwa ninyi, ningeanza na feza ya mwezi wa tatu. Kwa mwaka muzima, ukichukua zile shilingi mbili, 20,900 na 24,700, ni 45,600. Gawanya kwa 12: ni 3,800 kila mwezi, karibu dola 29. Feza ya mwezi wa tatu ikifika, tengeneza anvelopi tano za dola 29, na zile dola karibu 15 zenye zinabaki usiguse. Mwezi wa nane ukifika, ongeza zile 15 juu ya dola 191, na utapata anvelopi saba sawasawa, za dola 29. Mwezi wa pili utakula sawa mwezi wa sita. Lakini ukianza mwezi wa nane, anvelopi zitakuwa ndogo, na mwaka wa kwanza utalia kidogo. Weka dola, si franga. Wale wenye walishika makuta na mazaire mu 1993 na 1994 hawahitaji nifasirie.

Kuna namna ingine, na mimi ninaipenda kupita anvelopi: mwezi wa nane, mbele mvua haijaanza, bei ya mahindi bado haijapanda sana. Mutu mwenye feza yote mu mukono siku ile anaweza kununua mifuko ya miezi ine kwa mara moja, na hatapiga magoti mu mwezi wa pili. Mwenye kupokea kidogo-kidogo kila mwezi hawezi. Basi feza yenye kuja mara mbili haiko mbaya kila siku. Ni mbaya kwa mwenye kuipokea kama mushahara. (Lakini mama, angalia vidudu. Mahindi ya kukaa miezi ine yanataka mahali pakavu, na muke mwenye kufungua mifuko na kuangalia.)

Watu wa Likasi, wa Kolwezi na wa Lubumbashi walikwisha kuona neno hili kwa uchungu. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazi mu ule mupango wa départ volontaire, wakapewa feza yao kwa mara moja. Watu waliozoea mushahara na posho, kila kitu na tarehe yake, wakajikuta na feza ya mara moja tu, na hakuna tarehe ingine mbele. Wengi wetu tunajua nyumba yenye feza ile haikufika mwaka. Si kusema walikuwa wajinga. Hakuna mutu aliwafundisha kutembeza feza ya siku moja mu miezi mingi.

Mama ameuliza tena: "Tumuombe mutoto auzishe aksio za Safaricom, anunue zenye kulipa kila mwezi?" Ziko. Ku Marekani sosiete nyingi zinalipa mara ine kwa mwaka, na miezi yao haifanani. JPMorgan Chase inalipa mwezi wa kwanza, wa ine, wa saba na wa kumi. Procter & Gamble, yenye kutengeneza sabuni, inalipa wa pili, wa tano, wa nane na wa kumi na moja. Johnson & Johnson inalipa wa tatu, wa sita, wa kenda na wa kumi na mbili. Mwenye kushika zote tatu anaona kitu kila mwezi. Realty Income, yenye kupangisha manyumba ya biashara, inalipa kila mwezi yenyewe peke yake. Ku Ulaya ni kinyume: sosiete nyingi zinalipa mara moja tu kwa mwaka, na nyingi zinafuatana mwezi wa ine na wa tano. Mutu wa kule mwenye kutegemea zile peke yake anakula vizuri mwezi wa tano, kisha anangojea mwaka muzima.

Lakini mimi ningesema hapana. Mukate ukiukata vipande kumi na mbili haukui. Sosiete yenye kulipa kila mwezi haiko tajiri kupita yenye kulipa mara mbili. Imekata tu vidogo. Na Marekani inakata 30 kwa 100 ya dividandi ya mugeni ambaye inchi yake haina mapatano nayo juu ya kodi, pahali pa 5 ya Kenya. Ongeza feza ya mutu wa kati mwenye kuuzisha na kununua. Yote ile kwa kununua kalenda, wakati anvelopi kumi na mbili ni za bure?

Musidanganyike tena na wale wenye kusema: "Nunua aksio siku mbili mbele ya kulipa, kula dividandi, kisha uzisha." Sosiete inafunga buku yake mapema, na mwenye kununua nyuma ya siku ile hapati. Na aksio yenyewe, siku ile ikipita, bei yake inashuka karibu kipimo kile kile cha dividandi. Ni sawa mbuzi mwenye mimba: muuzaji anakulipisha mutoto wa ndani, na akizaa, hakuna mutu atanunua mama yake kwa bei ile ya zamani.

Na kwa ninyi wengine wenye mutoto Ulaya ao Afrika ya Kusini, wenye kujisifu kwamba anashika aksio za sosiete za shaba: angalieni sana. Mu mwezi wa kenda 2015 bei ya shaba ilikuwa imeanguka karibu dola 5,000 kwa tani. Glencore, yenye kushika KCC pale Kolwezi, ikatangaza mu siku zile zile maneno mawili: KCC inasimamisha kutosha shaba kwa miezi 18, na wenye aksio hawatapata dividandi. Fikiri nyumba yenye baba alikuwa mu kazi kule na mutoto akimutumia dividandi ya Glencore. Mifereji miwili, lakini chemchem ni moja, ikakauka kwa siku moja. Mu 2020 tena, mwaka wa korona, wenye aksio za Glencore walikuwa wamekwisha kuambiwa senti 20 za dola kwa aksio. Mwezi wa nane wakaambiwa: hakuna. Hapana deni, hapana kushitaki. Dividandi yenye haijakubaliwa bado haiko yako. Kwa hiyo mutu wa muji wa shaba, aksio ya telefone ao ya sabuni inamufaa kupita ya shaba, hata kama miezi yake ni mibaya.

Basi mama, muombe mutoto vitu viwili. Kila mwezi wa tatu na kila mwezi wa nane atume picha ya karatasi ya dividandi, yenye kuonyesha senti ngapi na aksio ngapi, ili baba wa watoto asome mwenyewe. Na mwezi wa tano, wakitangaza hesabu, awaambie mapema kama fungu litapanda ao litashuka, mbele hamujakula deni juu yake.

Hesabu hii mupe baba asome, na kalamu umupe. Lakini lile neno lenye alisema juu ya mukwe, kalamu yangu hailifikie. Safari ingine muke wa mutoto akipiga telefone, usijibu wewe. Mupe bwana wako telefone mu mukono, utoke inje.