Mtoto Aachapo Ziwa

Mtoto mdogo ana siku zake kuu. Siku ya kuota jino la kwanza twacheka naye. Siku ya kusimama dede, ameshika mguu wa kiti, majirani huitwa waje kutazama. Na siku ya kwenda tata, hatua mbili tatu kutoka mikononi mwa bibi yake hata kwa mama, shida za nyumba husahauliwa kidogo. Kina mama wa Baraka, wakifua nguo ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, hulinganisha: wako amekwenda na miezi kumi, wangu ana mwaka na miezi minne naye angali anatambaa. Msisumbuke. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za watoto waliochunguzwa Ghana, Uhindi, Norway, Omani na Marekani. Karibu wote walianza kwenda peke yao kati ya miezi 8 na 18, na wachache hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti.

Juma hili twataka kusema juu ya siku nyingine, ipitayo bila kelele: siku ya kuachishwa ziwa. Watu wa kale hawakuipitisha kimya. Twasoma katika kitabu cha Mwanzo ya kuwa Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa. Naye yule mama wa ndugu saba, katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, alimkumbusha mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Kwetu Fizi, kama mahali pengi pengine, mara nyingi jambo hili hufanyika kwa siku moja. Mama ajitambua kuwa ana mimba. Mkwe asema maziwa yameharibika. Ziwa lapakwa kitu kichungu, na mtoto wa mwaka mmoja apelekwa kulala kwa bibi. Jana alikuwa mfalme wa mgongo wa mama, leo apewa bugali wa muhogo na mchuzi.

Maziwa ya mama mwenye mimba hayana sumu. Mama mwenye afya, asiyekatazwa na mganga wa kituo, aweza kuendelea kunyonyesha huku akipunguza kidogo kidogo. Kumkata mtoto ghafula ndiko kwenye hatari. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, aliandika mwaka 1935 juu ya ugonjwa ambao watu wa kabila la Ga waliuita kwashiorkor. Maana yake, alieleza, ni ugonjwa ampatao mtoto aliyetangulia mdogo wake anapozaliwa. Basi mabibi wa Kiga waliujua ugonjwa na saa yake kabla haujaingia vitabuni.

Ugonjwa huu hudanganya macho. Uso wajaa, miguu yavimba, na jirani husifu kwamba mtoto amenenepa. Bonyezeni juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba, mkihesabu polepole hata tatu: shimo likibaki, ni maji, si mafuta. Nywele huwa nyekundu na kung'oka upesi. Mtoto hachezi tena, hununa siku kutwa. Wengine husema amerogwa, na juma zima lapotea. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Huko hupima pia mkono wa juu kwa utepe: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo chini ya milimita 115 ni hatari kubwa. Chakula cha karanga na maziwa atakachopewa katika pakiti ni dawa yake yeye. Kisigawiwe ndugu zake, wala kisiuzwe sokoni.

Na tazameni tulivyo navyo mlangoni! Usiku wa giza taa za wavuvi zawaka ziwani, na asubuhi ndagala waanikwa mchangani. Chukueni waliokauka, waosheni mchanga utoke, wakaangeni pasipo mafuta, watwangeni, chekecheni, mkauweke unga wao katika kopo lenye kifuniko. Vijiko viwili katika uji wa mtoto, na kijiko cha mawese mekundu. Uji uchemke vizuri, na maji yake ya kunywa yachemshwe, kwa maana kipindupindu ni mwenyeji wa pwani yetu. Aanze chakula hiki na miezi sita, angali ananyonya, ili siku ya kuacha ziwa isimkute mgeni wa kijiko.

Kina baba, karamu ya Isaka iliandaliwa na baba yake. Katika nyumba nyingi samaki mzima huwekwa mbele ya baba na mgeni, na mtoto huchovyewa tonge katika mchuzi. Mchuzi wa samaki si samaki. Megeni kipande, toeni miiba, mpeni.

Yabaki swali la nafasi kati ya mtoto na mtoto. Waganga hushauri miezi 24 ipite baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine. Juu ya njia za asili ambazo Kanisa lazikubali tutasema juma jingine.