Sehemu za siri zisiwe na majeraha ya siri

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alikosa mihadhara kwa majuma mawili. Aliporejea akichechemea, nilimwuliza kulikoni. "Mwalimu, niliumia huku chini," akajibu, macho ameyainamisha sakafuni. Nilidhani ni mguu. Kumbe tabibu wa kwanza aliyemwona naye alidhani ni maumivu ya hedhi, akampa tembe na kumruhusu aende zake. Ukweli ni kwamba msichana huyo alikuwa ameungua kinenani kwa nta ya moto ya kung'olea nywele, katika saluni moja mjini. Alipopata ujasiri wa kusema, kidonda kilikuwa kimekwisha kutunga usaha.

Mimi ni mhadhiri wa isimu, si daktari. Hata hivyo, kisa hiki kilinidhihirishia kwamba ukimya wa ulimi waweza kuzidisha jeraha la mwili. Kiswahili hakina uhaba wa maneno: kinena, kwapa, paja na mengineyo yamo kamusini. Tatizo ni sisi tuliofunzwa kuyameza. Tunasema "sehemu za siri," na siri, kwa desturi, hufichwa. Ilhali lugha iyo hiyo inatupa "sehemu nyeti," istilahi iliyo kweli zaidi, kwani ngozi ya huko ni nyembamba na huumia upesi.

Nta si kitu cha kuchezewa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, na maji ya nyuzi 60 yaweza kumwunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde chache tu. Isitoshe, maji hutiririka yakaenda zake. Nta hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuitia joto. Nta za saluni aghalabu hutengenezwa ziyeyuke kwa joto la chini zaidi, lakini zikipashwa moto kupita kiasi faida hiyo hutoweka. Ndiyo maana yafaa kuijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono, na anayetumia dawa za chunusi zitokanazo na vitamini A aiepuke kabisa, maana ngozi yake huweza kubanduka pamoja na nywele.

Aliyeungua, iwe ni saluni au katika mchezo wa mishumaa, na apoze mahali hapo kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipake dawa ya meno, siagi wala barafu. Nta iliyogandamana na ngozi isibanduliwe kwa nguvu. Kisha afunike kwa kitambaa safi na kwenda hospitalini, kwani jeraha la moto la sehemu za uzazi, hata likiwa dogo, huhitaji kuonwa na mtaalamu.

Na akifika huko, aseme. Wapo watakaodai kwamba ninawafunza vijana matusi. La hasha! Neno huwa tusi kwa nia ya msemaji na mahali linaposemewa. Mbele ya daktari, kinena ni kinena tu. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi maneno haya darasani bila kucheka wala kukemea. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha uchi hazai. Mwanafunzi wangu aliuficha, nusura umgharimu uhai.