Anayeanguka Si Yule Tunayempigia Makofi

Mtu wa pwani hahitaji siku nyingi kuuzoea mtaa wa Parklands, Nairobi. Adhana anaisikia, na akifika Diamond Plaza jioni atakuta kababu, mishkaki, bhajia na maji ya matunda ya kila namna, na watu wamekaa na watoto wao kama walivyokaa watu wa Mombasa pale Mama Ngina. Wahindi ndio waliouvumisha mtaa huu tangu zamani, na siku hizi kila kabila la Kenya limo. Lakini leo si habari ya chakula. Nyuma ya maduka na hospitali hizo mna kumbi za vilabu na za shule ambamo, ikishapita Magharibi, vijana huvaa nguo nyeupe na kupigana bila ya kugombana.

Katika ukumbi mmoja wa namna hiyo nilimkuta kijana wa kwetu, mtoto wa Majengo Mombasa, mwenye mkanda mweusi wa karate. Nilidhani ananiita nikamtazame akishinda. Kumbe ameniita nikamtazame akianguka. Alipanda juu ya meza, mwenzake akamrushia teke ambalo halikumgusa hata nguo, naye akaruka kinyumenyume akatua juu ya magodoro mawili membamba kwa kishindo kilichonifanya nisimame. Akainuka, akarudi juu ya meza. Mara ya kumi na mbili nikaacha kuhesabu.

Hiyo ndiyo kazi yake. Katika michezo ya televisheni inayopigwa picha hapa Nairobi, mchezaji mwenye sura na jina akifika penye ngazi za kuanguka, anapumzishwa, na kijana huyu anavishwa shati lile lile na kuanguka badala yake. Kiswahili chetu hakijapata jina lililotulia la mtu huyu. Mimi nitamwita badali, maana ndivyo alivyo.

Nikamwuliza kuhusu goti lake la kulia alilolifunga bendeji. Akasema aliumia katika mchezo mmoja, mahali ambapo sina haja ya kupataja.

"Walinipa pesa za siku ile, ami, na nauli ya teksi hadi hospitali."

"Na hospitali alilipa nani?"

"Mama aliuza cherehani."

"Hukudai?"

"Ukidai hawakuiti tena."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu wakati huu huu dunia ya filamu inajisifu kwamba imemkumbuka badali. Mwezi wa Aprili 2025 baraza la Marekani linalotoa tuzo za Oscar lilitangaza kwamba litaanzisha tuzo ya ufundi wa michezo ya hatari katika filamu. Itaanza na filamu zitakazotoka mwaka 2027, na kutolewa katika sherehe ya 100, mwaka 2028. Tuzo hizo zilianza mwaka 1929. Yaani watu wameanguka kutoka juu ya farasi, magari na majumba kwa karibu miaka mia, na waliovaa suti mbele ya jukwaa wakapeana sanamu za dhahabu kwa nguo, kwa nywele, kwa muziki na kwa upigaji picha, lakini kwa kuanguka hapana.

Habari njema, ndiyo. Walakini tuisome vizuri. Tuzo hiyo ni ya ubunifu wa michezo ya hatari: yaani ya yule anayepanga mapigano na maporomoko, si lazima ya yule anayeporomoka. Kanuni za kuamua nani hasa atapanda jukwaani zimeahidiwa kutolewa mwaka 2027. Na hata zikitoka nzuri namna gani, sanamu ya Hollywood hailipi goti la Parklands.

Sisi watazamaji nasi tuna sehemu yetu. Waliokuwa vijana Mombasa miaka ya sabini watakumbuka foleni za Regal na Naaz zilipofika filamu za ngumi za Hong Kong. Bruce Lee alikufa Julai 1973, na katika vichochoro vya Mji wa Kale tukaendelea kumpigia makelele ya paka kwa miaka mingi baadaye, fimbo mbili tumezifunga kwa kamba ya kitanda. Steringi tulimjua kwa jina, kwa mashati na kwa namna ya kujifuta pua. Lakini katika "Fist of Fury" ya mwaka 1972, yule bwana wa Kijapani anapopigwa teke la mwisho na kupasua ukuta hadi bustanini, anayeruka si mchezaji tuliyemwona usoni. Ni kijana wa Hong Kong ambaye hakuna aliyemjua. Jina lake Jackie Chan.

Kijana huyo alilelewa katika shule ya michezo ya jukwaani ya Kichina, ambamo watoto walifundishwa kupinduka, kuimba na kupigwa bakora kwa miaka kumi. Katika "Enter the Dragon" ya 1973 alirudi tena mbele ya Bruce Lee, mmoja katika kundi la wanaopigwa, na mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi fimbo ilivyompata usoni kweli, akajifanya ameumia zaidi ili Lee aendelee kumpoza. Mwaka 1978 "Drunken Master" ikamfanya steringi. Alipopata nguvu aliunda kikosi chake cha mabadali na gharama za matibabu yao akazibeba yeye, maana alijua kampuni za bima zinavyowakimbia watu hao. Yeye mwenyewe alivunjika fuvu la kichwa alipoanguka mtini akitengeneza "Armour of God", filamu iliyotoka 1986. Oscar ya heshima alipewa Novemba 2016.

Katika maelfu walioanguka, huyo ndiye tunayemtaja. Ndiyo sababu vijana wetu wanaingia kazi hii wakidhani kuanguka ni ngazi ya kupandia.

Kumbe ni ufundi kamili peke yake, na bingwa wa mashindano akija nao hivi hivi hafai kitu. Kijana wangu alinieleza na kunionyesha. Katika karate ya mashindano, unaficha ngumi yako: fupi, ya ghafla, mpinzani asiione. Mbele ya kamera ngumi isiyoonekana ni ngumi iliyopotea. Inabidi izunguke kutoka mbali, ionekane na mtu aliyekaa kiti cha nyuma, halafu ipite shubiri moja au zaidi mbele ya uso, na kamera iwekwe upande ambao hiyo nafasi haionekani. Na anayeuza pigo ni anayepigwa. Kichwa chake kikichelewa kidogo tu, mtazamaji anacheka. Kikiwahi, anacheka zaidi. Ndiyo maana waliotoka katika judo hupendwa, kwa vile somo lao la kwanza kabisa ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uviringike, mkono upige sakafu ili nguvu itawanyike isikusanyike begani.

Hayo si mageni kwetu, ingawa tumeyasahau. Mtu aliyekwenda Lamu wakati wa Maulidi amekiona kirumbizi: watu wawili ndani ya duara, zumari na ngoma, fimbo mikononi, mmoja anashambulia na mwenzake anakinga. Wapo wanaoumizana, sikatai. Lakini fundi wa kirumbizi ni yule anayewafanya wazee washike roho zao, na mwenzake akatoka bila ya alama. Mzee wa Lamu angeketi katika ukumbi ule wa Parklands angeelewa kila kitu isipokuwa magodoro.

Nairobi yenyewe imetumiwa sana kwa filamu kubwa. "Out of Africa" ya 1985, "The Constant Gardener" ya 2005, na vijana wetu wakatengeneza "Nairobi Half Life" mwaka 2012 chini ya mwelekezi David "Tosh" Gitonga. Lakini kwa habari yetu hii hapana mfano ulio bora kuliko "Sense8", mchezo wa televisheni wa Netflix ulioanza kuonyeshwa Juni 2015. Humo mna dereva wa matatu wa Nairobi, Capheus, anayempenda Jean-Claude Van Damme hata matatu yake ameiandika jina hilo kwa mzaha. Mama yake mgonjwa, dawa zinaporwa na majambazi, naye hajui kupigana. Hapo mwanamke wa Seoul anayecheza ngumi na mateke, ambaye nafsi yake imeunganishwa na ya dereva kwa miujiza ya hadithi, anaingia ndani ya mwili wake na kuwashinda majambazi wote.

Wengi waliona hiyo ni ndoto ya watu wa Marekani. Mimi niliona ni ukweli wa kila siku wa kazi ya filamu. Mwili mmoja unasimama mahali pa mwingine, unafanya linalotisha, kisha unatoka na kumwachia mwenyewe sura na sifa. Majina ya waliopigana na kuanguka huja mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, wakati baba wa nyumba ameshazima televisheni akalale. (Van Damme naye, kabla ya jina lake kukua, alivalishwa vazi la dude katika filamu "Predator" ya 1987, akaondoka kazi ikiwa bado mwanzoni. Huenda angebaki tusingemwona sura.)

Jirani zetu wa Uganda wamepita njia nyingine. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza "Who Killed Captain Alex?" ikatoka 2010, kwa pesa ambazo inasemekana hazikufika dola 200. Bunduki zimeungwa kwa vyuma chakavu na mafundi wa hapo hapo. Wanaopigana ni wanafunzi wa kungfu wa mtaani, na mmoja wao, Charles Bukenya, ndiye anayecheza kama "Bruce U", mtawa wa Shaolin aliyekuja kulipiza. Humo hakuna badali wala steringi. Anayeonekana ndiye anayeanguka, na watoto wa mtaa wanamjua. Filamu imetazamwa na mamilioni duniani. Hata hivyo tusiwapambe kupita kiasi: hapo awali walikuwa wakitumia damu ya ng'ombe, mpaka mchezaji akaugua, wakageukia rangi za chakula. Msomaji wetu hahitaji kuambiwa hukumu ya damu. Lakini ajue kwamba hata penye mapenzi na udugu, mwili wa mchezaji ndio unaolipa penye upungufu wa pesa.

Na pesa zikiwepo? Januari 2009, David Holmes, aliyekuwa badali wa mchezaji wa Harry Potter, alivutwa na kamba katika mazoezi, akagonga ukuta na kupooza. Julai 2017, John Bernecker alianguka kutoka roshani akitengeneza "The Walking Dead" katika jimbo la Georgia, Marekani, akafa. Hizo ni kazi zenye wasimamizi, bima na mawakili. Basi fikiri mahali ambapo msimamizi ni rafiki wa mwelekezi, na magodoro yameazimwa.

Wazazi wa pwani husema mchezo huu haramu, basi, mazungumzo yamekwisha. Nafsi ni amana, hilo silipingi. Lakini kijana wao anaanguka hata hivyo, tena kwa siri, na siri ndiyo inayomnyima hata mtu wa kwenda naye hospitali. Ingefaa waulize swali ambalo fundi mwashi na mchukuzi wa bandarini wamekwisha kuliuliza: nikivunjika, nani anajibu?

Sheria ipo. Kenya ilitunga sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini mwaka 2007. Inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Aliyeumia anatakiwa amjulishe mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi, na dai la fidia lipelekwe ndani ya miezi 12. Tatizo liko kwenye neno mwajiriwa. Sheria inamkinga mtu mwenye mkataba wa kuajiriwa, na ingawa mkataba wa mdomo nao ni mkataba, aliyeitwa kwa simu usiku na kulipwa mkononi jioni atauthibitisha kwa kitu gani? Watengenezaji humwita mtu huyo mgeni wa siku moja, mwenye biashara yake. Biashara gani? Hana duka, hana leseni, ana magoti mawili tu, na moja limeshatumika.

Chama cha mabadali chenye sauti kingeweza kulimaliza hilo kwa karatasi ya ukurasa mmoja: jina, siku, urefu wa kuanguka, na nani atalipa daktari. Asiye na karatasi haanguki. Wapiga picha wa Nairobi wasingefunga kazi kwa ajili hiyo, maana bila ya mtu wa kuanguka hadithi nzima inabaki watu wawili wanaosukumana.

Nilimweleza kijana habari za kumjulisha mwajiri, akaziandika katika simu yake. Goti lake lilikuwa na miezi mitano. Nikamwambia miezi kumi na miwili bado haijatimia.

"Na ushahidi, ami? Karatasi sina."

"Pesa walikupa mkononi?"

"Walituma kwa simu."

"Basi huo ujumbe usiufute. Na siku nyingine, kabla hujapanda, wapigie picha magodoro yao."

Alicheka, akakaza bendeji, akarudi juu ya meza.