Dakika za Droni ni Zetu Sote

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwa droni ya Chama chetu cha Sayansi, naona haba na haba ndiyo inayokimaliza kibaba. Tangu mwalimu mlezi akamilishe usajili wake katika Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kila Ijumaa wanachama hujipanga uwanjani wakingoja zamu ya kushika rimoti. Betri ni moja. Sisi ni shule ya kutwa. Ikifika saa kumi na moja kila mtu ameshika njia ya kwao, na stima nayo ni ya bahati nasibu. Kwa hivyo tuna chaji moja tu kwa kila mkutano. Ikiisha, imeisha.

Sasa kumezuka pendekezo kwamba tuchange pesa tununue betri nyingine, tena eti kubwa zaidi. Mimi napinga, na namwomba msomaji anipe sikio kabla ya kuniita adui wa maendeleo.

Kwanza, tuelewe chaji huenda wapi. Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hupeleka damu hospitalini, na huweza kufika kilomita 80 hivi kutoka kituoni na kurudi. Zile zina mabawa, na bawa likishapata mwendo hubebwa na hewa. Droni yetu ya mapanga manne haina bawa. Hata ikisimama tu angani bila kwenda popote, mota zake zote zinafanya kazi ya kuizuia isianguke. Kusimama kwake si kupumzika!

Pili, kuna suala la uzito. Fizikia inatuonyesha kwamba droni kama hii ikiongezewa uzito kwa asilimia 10, nguvu ya kuelea huongezeka kwa takriban asilimia 15. Betri kubwa nayo ni mzigo. Chukua mfano wa DJI Mini 3 Pro. Kwa betri ya kawaida ya miliampea-saa 2,453, watengenezaji wanasema huruka dakika 34. Kwa ile kubwa ya miliampea-saa 3,850, dakika 47. Piga hesabu mwenyewe: chaji imeongezeka kwa asilimia 57, dakika zimeongezeka kwa asilimia 38 tu. Na dakika hizo zilipimwa mahali pasipo na upepo. Uwanja wetu mnaujua, jioni upepo huko hubeba hata kofia.

Kumbe dakika nyingi tunaweza kuzipata bure. Tukianza safari kwa kuukabili upepo na kurudi ukitusukuma mgongoni, betri iliyochoka haitapigana na upepo wakati wa kurudi. Tukienda mbele kwa mwendo wa wastani, tutatumia nguvu kidogo kuliko kuning'inia mahali pamoja au kukimbia kwa kasi ya mwisho. Tusipande juu kwa fujo, maana kupanda hunyonya chaji na huko juu upepo ni mkali zaidi. Panga lililopasuka ukingoni libadilishwe, kwa sababu hupoteza nguvu kwa kutetemeka. Na mambo ya kuamua nani atapiga picha gani yaamuliwe chini, kabla mota hazijawashwa. Mara ngapi droni imening'inia angani huku sisi tukibishana hapa chini?

Jambo jingine ni kutua mapema. Ikibaki asilimia 25, droni irudi. Wengine huona huo ni uoga, lakini betri hizi za lithiamu, seli ikishuka chini ya volti 3, huumia na haiponi. Tena droni ikizimikia angani haichagui pa kuangukia, na shule hii imejaa vichwa. Vilevile, betri isichajiwe ikiwa bado moto, wala isiachwe imejaa likizo nzima. Ikiwekwa karibu na nusu, mahali penye baridi kiasi, itaishi miaka mingi zaidi.

Wapo watakaosema kwamba betri ya pili itatupa zamu maradufu. Sikatai, hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini tukiendelea na tabia hizi, itakuwa ni kutia maji katika pakacha. Isitoshe, bei ya betri kama hiyo ingeweza kulipia chakula cha mchana cha muhula mzima kwa zaidi ya mwanafunzi mmoja. Tunawajua wenzetu wanaokunywa maji ya mfereji saa ya mlo kisha wanarudi darasani. Nitachangaje betri nikiwa nimeketi dawati moja na mtu kama huyo?

Na hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Dakika ya betri ni zamu ya mtu. Sisi wa kidato cha tatu na cha nne hutangulia, hurusha droni juu kama kombora ili tupigiwe makofi, na wa kidato cha kwanza wakifika mbele ya foleni wanaambiwa chaji imekwisha, warudi Ijumaa ijayo. Ijumaa ijayo mambo ni yale yale. Hao ndio watakaobaki na chama hiki sisi tukiwa tumeondoka. Watakirithi bila kujua kurusha?

Napendekeza basi mambo matatu. Wadogo watangulie. Kila mmoja apewe dakika 2 kwa saa, si kwa urafiki. Tena kuwe na daftari la kuandika kila safari: upepo, muda, na chaji iliyobaki. Tufanye hivyo kwa muhula mmoja. Ikiwa daftari litaonyesha kwamba dakika bado hazitoshi, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa mchango wangu wa betri ya pili.

Shime wanachama! Tuitunze tuliyo nayo kwanza.